Mbwa Wako na Afya ya Jamaa Yako

Katika vijiji vyetu na katika mitaa ya miji yetu kuna mbwa wengi, lakini watu wenye kuwajua mbwa ni wachache. Mtu anakaa na mbwa miaka 10 katika lupango yake bila kumtazama vizuri hata siku moja. Anamwita usiku akisikia mwizi, anamfukuza mchana akikaribia chungu, na mbwa akilala mgonjwa anasema, «Ni mbwa tu.» Katika fundisho hili nataka kuwaambia kwamba neno hilo, «ni mbwa tu,» limeua watu, na zaidi limeua watoto. Tena nataka kuwaonyesha kwamba kumtunza mbwa si mchezo wa matajiri. Ni kazi ya mwenye nyumba, sawasawa na kuchimba choo na kufunika maji ya kunywa.

MBWA SI MGENI KWETU

Wengine wanasema, «Kupenda mbwa ni desturi ya Ulaya.» Wamesahau babu zao. Wawindaji wa mwitu wa Kongo tangu zamani wana mbwa wadogo wenye masikio yaliyosimama na mkia uliokunjwa juu ya mgongo. Mbwa hao hawabweki kama mbwa wengine. Kwa sababu hiyo mwindaji anamfunga mbwa wake kengele ya mti shingoni, apate kusikia pale alipo katikati ya majani. Mwaka 1895 mbwa wawili wa namna hiyo walipelekwa Uingereza kuonyeshwa kwa watu, wakafa upesi kwa ugonjwa. Mwaka 1937 wengine walionyeshwa tena London, wakapendwa sana, na leo wazao wao wanaitwa basenji katika nchi nyingi. Watu wa mbali wanatoa feza nyingi kwa kununua mbwa wa mababu zetu, na sisi tunampiga teke mlangoni.

Hata sasa mbwa anafanya kazi kubwa katika nchi yetu. Katika Hifadhi ya Virunga, tangu mwaka 2011, walinzi wanafuatana na mbwa waliofundishwa kunusa njia za wawindaji wa siri. Pua ya mbwa inajua mambo ambayo jicho la mtu haliwezi kuona.

Mkristo mmoja atasema, «Lakini Biblia inataja mbwa kama kitu kichafu.» Ni kweli, pahali pengi inasema hivyo, kwa sababu katika miji ya zamani mbwa wengi walizunguka bila mwenyewe, wakila takataka. Lakini soma tena Matayo 15. Yule mama Mkanaani alijua kwamba katika nyumba ya watu kuna mbwa chini ya meza, nao wanapata sehemu yao. Soma na Mezali 12:10, utafundishwa kwamba mtu wa haki anajulikana hata kwa namna anavyowatendea wanyama wake. Mbwa asiye na mtu wa kumtunza anakuwa mchafu na wa hatari. Kosa hilo ni la nani, la mbwa au la mwenyewe?

NAMNA MBWA ANAVYOSEMA

Mbwa hana maneno, lakini anasema kwa mwili wake wote. Asiyejua kusoma maneno hayo ataumwa, na mara nyingi anayeumwa ni mtoto.

Watu wengi wanafikiri kwamba mbwa akitikisa mkia anafurahi. Si siku zote. Mbwa mwenye furaha anatikisa mkia pamoja na kiuno chote, mwili wake umelegea na kinywa chake kimefunguka kidogo. Lakini mbwa mwenye mwili mgumu, mkia juu, ukitikiswa polepole, naye anakukazia macho, huyo anakuonya. Mbwa mwenye mkia kati ya miguu, masikio nyuma, na weupe wa jicho ukionekana pembeni, huyo ana woga. Mbwa mwenye woga anauma upesi kama mbwa mkali, hasa akikosa njia ya kukimbia. Ukiona anageuza kichwa, analamba midomo yake pasipo chakula, au anapiga miayo wakati hana usingizi, anakuambia, «Niache.» Akinguruma, usimpige kwa kunguruma. Ukimfundisha kunyamaza, siku nyingine atauma bila kukuonya kwanza.

Wafundisheni watoto maneno haya machache, wayajue kwa moyo. Usimguse mbwa anayekula. Usimguse mbwa anayelala. Usimguse mbwa mwenye watoto. Usimkumbatie mbwa shingoni, kwa maana mtu anapenda kukumbatiwa lakini mbwa anaona amefungwa, na uso wa mtoto uko karibu na meno yake. Mbwa usiyemjua akikujia, usikimbie, usipige makelele. Simama kama mti, mikono chini, usimtazame machoni. Ukianguka, jikunje kama jiwe, ufiche uso na shingo kwa mikono.

JE, MBWA ANAPENDA?

Ndiyo, anapenda. Mwaka 2015 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba mbwa na bwana wake wakitazamana kwa upole, ndani ya miili yao wote wawili kunaongezeka kitu kinachoitwa oksitosini. Ni kitu kile kile kinachomsaidia mama kutoa maziwa na kushikamana na mtoto wake mchanga. Sisemi kwamba mbwa ni mtu. Nasema kwamba Mungu aliweka ndani ya nyama huyu uwezo wa kujifunga na watu wa nyumba, na anayeutumia vizuri anapata faida.

Hapa ninapingana na mawazo ya watu wengi. Wanasema, «Mbwa akipendwa hatalinda. Umnyime chakula, umpige, umfunge mchana wote kwa kamba fupi, ndipo atakuwa mkali.» Atakuwa mkali kweli, lakini kwa nani? Mbwa aliyefungwa na kupigwa hachagui. Kamba ikikatika, atamuuma mtoto wa jirani aliyekuja kuomba moto, atamuuma mama mkwe, atamuuma mwenye nyumba mwenyewe. Na mbwa mwenye njaa ni mlinzi mbaya, kwa sababu mwizi akimtupia kichwa cha samaki ananyamaza. Mbwa analinda kwa sababu anajua hawa ni watu wake na yule si wa kwake. Atajuaje neno hilo kama watu wake hawakumpa kitu isipokuwa fimbo?

Ukitaka kumfundisha, anza angali mdogo. Usimtoe kwa mama yake kabla ya majuma 8, kwa maana kwa kucheza na ndugu zake anajifunza kutouma kwa nguvu. Tangu juma la 3 mpaka majuma 12 hivi moyo wake uko wazi. Wakati huo aone wazee, watoto, wageni, kuku na mbuzi, naye azoezwe kushikwa kwa upole. Akifanya vizuri, mpe kipande kidogo cha chakula na umsifu kwa sauti. Akikosa, sema «Hapana» mara moja, kisha umwonyeshe jambo la kufanya. Fimbo inamfundisha tu kuuogopa mkono wako.

Lakini upendo una mipaka. Usimlaze mbwa kitandani pamoja na mtoto. Usimwache alambe sahani, wala vidonda, wala midomo ya mtoto mchanga. Usimwache mtoto mdogo peke yake na mbwa yeyote, hata yule mpole.

MWILI WAKE

Mwenye mbwa ana mambo matano ya kuangalia.

Maji. Ayaone safi kila siku. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, isipokuwa chini ya nyayo zake. Anapoza mwili wake kwa kuhema na kutoa ulimi. Ukimfunga juani au kumfungia ndani ya kibanda cha mabati wakati wa mchana, anaweza kufa kabla ya mangaribi.

Chakula. Bugali peke yake hautoshi. Changanya na mabaki ya samaki, ndagala, au matumbo ya nyama yaliyopikwa vizuri. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa maana inavunjika kama sindano na kutoboa tumbo. Usimpe vitunguu, ni sumu kwake.

Minyoo. Watoto wa mbwa wanaweza kuzaliwa na minyoo tayari, waliyopata katika tumbo la mama yao. Mayai ya minyoo yanatoka pamoja na mavi, yanaingia katika udongo, na mtoto anayecheza chini anayatia kinywani kwa vidole. Minyoo hiyo ikiingia ndani ya mtu inaweza kutembea mpaka ini, mapafu, hata jicho. Kuna minyoo mingine midogo inayopenya ngozi ya mguu usio na kiatu na kuchora njia ya kuwasha. Basi mpe mbwa dawa ya minyoo mara kwa mara, kama munganga wa nyama anavyosema. Mavi yake yazikwe au yatupwe chooni, na watoto wanawe mikono kwa sabuni.

Wadudu wa ngozi. Mtafute kupe na viroboto masikioni, shingoni na katikati ya vidole. Tazama nyayo zake pia, kwa maana funza wanaingia katika miguu ya mbwa kama katika miguu ya watoto. Nyumba ambamo watoto wanatolewa funza kila juma, na mbwa hatazamwi, haitamaliza funza hata kidogo.

Uzazi. Jike anachukua mimba siku 63 hivi, na mbwa wengi wanaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Usiwe na mbwa wengi kupita chakula chako. Watoto wa mbwa wanaotupwa sokoni au katika takataka ndio wanaokuwa mbwa wa njiani. Kama kuna munganga wa nyama karibu, mwombe amhasi mbwa wako. Ni afazali mbwa mmoja mwenye afya kupita wanne wenye njaa.

UGONJWA WA KICHAA CHA MBWA

Sasa nafika kwenye jambo kubwa. Shirika la Afya la Ulimwengu linakadiri kwamba kila mwaka watu karibu 59,000 wanakufa kwa kichaa cha mbwa, karibu wote katika Afrika na Asia. Katika kila watu 10 walioumwa na nyama anayezaniwa kuwa na ugonjwa huu, 4 ni watoto wasiofika miaka 15. Katika watu 100 waliopata ugonjwa huu, 99 waliupata kwa mbwa.

Ugonjwa huu unaletwa na kidudu kidogo sana, kirusi, kinachokaa ndani ya mate ya mbwa mgonjwa. Kinaingia kwa meno, kwa makucha, au kwa mate yanayogusa kidonda, jicho au kinywa. Kisha kinasafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka ubongo. Mara nyingi safari hiyo ni ya miezi 2 au 3, pengine siku chache tu, pengine mwaka mzima. Hapo ndipo watu wanapotea njia. Mtoto aliumwa wakati wa kupanda maharagwe. Kidonda kikapona, wote wakasahau. Wakati wa mavuno anaanza homa, anasikia kuwashwa pale palipoumwa, anaogopa maji kwa sababu koo lake linakazwa, anapiga kelele na kutetemeka. Jamaa wanasema, «Amelogwa.» Wanampeleka kwa mfumu, wanamshitaki bibi mzee wa kijiji. Bibi yule hana kosa. Wakati wa kumponya mtoto ulikuwa siku ile ile ya kuumwa. Alama hizo zikiisha kuonekana, karibu hakuna dawa katika dunia yote ya kumponyesha.

Mtambueni mbwa mgonjwa. Mbwa mpole anauma bila sababu, au mbwa wa njiani anakuja kwa watu bila woga. Sauti yake inabadilika. Anatoa mate mengi, taya linaanguka, anayumba, anauma miti na mawe. Wengine hawawi wakali. Wanajificha gizani na kushindwa kumeza. Jihazarini hapa: mtu mwenye huruma anazani mfupa umekwama kooni, anatia mkono kinywani mwa mbwa ili autoe. Usifanye hivyo hata kidogo. Wala usimchinje wala kumla mbwa aliyekuwa mgonjwa, kwa maana anayepasua kichwa chake anagusa mate na ubongo.

KAMA MBWA AMEKUUMA

1. Osha kidonda pale pale, kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Hata kama kidonda ni kidogo. Kama hakuna saa, endelea kuosha hata uone umechoka, kisha uendelee tena. Kazi hii inaondoa vidudu vingi kabla havijaingia.

2. Baadaye tia iyodi au alkoholi, kama iko.

3. Usitie pilipili, majivu, majani, mafuta ya moto, wala jiwe jeusi. Usiharakishe kushona kidonda.

4. Njoo hospitalini siku ile ile. Utapigwa sindano kwa siku zitakazoandikwa kwenye karatasi yako. Zimalize zote, hata ukijisikia mzima. Kama kidonda ni cha ndani, au kiko kichwani, usoni au mikononi, kuna dawa nyingine inayotiwa ndani ya kidonda chenyewe. Mama mwenye mimba na mtoto mchanga nao wanapata sindano hizi bila hatari.

5. Kama mbwa anaweza kufungwa bila kumuuma mtu mwingine, msimwue. Mfungeni, mkamwangalie siku 10. Akikaa mzima siku zote hizo, hakuwa na ugonjwa katika mate yake siku alipouma. Lakini usingoje siku 10 ndipo uje hospitalini. Kuja ni kwanza, kuangalia mbwa ni pamoja.

Dawa hii si ya kujaribu. Mwaka 1885, tarehe 6 Julai, Louis Pasteur wa Ufaransa alianza kumpa chanjo kijana wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Imepita miaka zaidi ya 130, na bado watoto wanakufa kwa kukosa kuletwa mapema.

JE, TUUE MBWA WOTE?

Kichaa kikitokea, wazee wengi wanasema, «Mbwa wote wauawe.» Ninaelewa woga wao, lakini shauri hilo halimalizi ugonjwa. Mkiua mbwa wa kijiji, wengine wanakuja toka vijiji vya jirani kula takataka zile zile, nao hawana chanjo. Tena wenye kupenda mbwa wao wanawaficha au kuwahamisha, na ugonjwa unahama pamoja nao. Pengine mnaua wale waliochanjwa, waliokuwa ukuta wenu.

Dawa ni chanjo. Katika mbwa 100, wakichanjwa 70, ugonjwa unakosa njia ya kupita toka mbwa mmoja mpaka mwingine, na watu wanapona bila kuguswa. Mbwa apigwe sindano akifika miezi 3, kisha tena kila mwaka, au kama munganga wa nyama alivyoandika. Na hapa mapendo na chanjo vinakutana. Mbwa aliyezoea mkono wa bwana wake anafungwa kamba na kupelekwa kwenye sindano. Mbwa aliyezoea mawe anakimbilia porini siku ya chanjo, hakuna anayeweza kumshika. Kijiji kinachopiga mbwa zake kitashindwa kufikisha 70, hata kama dawa inatolewa bure.

Mtu atasema, «Sina feza ya sindano ya mbwa, watoto wangu wanataka feza ya masomo.» Ndugu, sindano ya mbwa mmoja ni bei ndogo sana kupita sindano za mtoto mmoja aliyeumwa, tena kuna feza ya safari na siku za shamba zinazopotea. Kama kweli huwezi kumlisha mbwa na kumchanja, afazali usiwe na mbwa. Hilo si haya. Haya ni kuwa na mbwa anayetisha njia ya watoto wote wa mtaa, kisha kusema si wako wakati ameuma mtu.

NENO KWA KANISA

Ninaona kwamba jambo hili ni la kanisa pia. Tunatangaza Siku ya Mungu mikutano, vyama na michango. Tutangaze na siku ya chanjo ya mbwa. Walimu wa watoto wafundishe «simama kama mti» na «osha dakika 15» pamoja na mafundisho yao mengine. Mashemasi wajue lupango gani ina mbwa wasiotunzwa, na mjane gani hana nguvu ya kumpeleka mbwa wake, wamsaidie. Tarehe 28 Septemba, ndiyo siku aliyokufa Pasteur mwaka 1895, dunia yote inakumbuka kazi ya kupigana na kichaa cha mbwa. Siku hiyo ni nzuri kwa kukutana na munganga wa nyama na kupanga kazi ya kijiji.

Na wewe unayesoma, usingoje mpaka kijiji chote kikubali. Leo jioni mtazame mbwa wako. Ana maji? Masikio yake yana kupe? Ni mwaka gani alipigwa sindano? Siku ya chanjo ikitangazwa, mfunge kamba, uende naye mapema. Karatasi yake ichungwe pamoja na karatasi za kliniki za watoto wako.